Nusu Kikombe

Lukindo aliingia akiwa amefura kwa hasira. Dukani aliulizia mahali hapo kwa sauti ya chini, lakini mwenye duka akajibu kwa kelele, mtaa mzima ukasikia: "Wale wa kuacha pombe? Nyuma ya mashine ya kusaga!"

Ndani, watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakinywa chai. Bi Stamili, mwenyeji wao, akamkaribisha, akammiminia. Nusu kikombe.

"Hii nini?" Lukindo akafoka. "Baa nimekunywa mpaka nikauza kitanda, na hakuna aliyenipimia nusu. Jaza!"

"Kaka yangu, hapa tunaanza na nusu."

"Mama, nimesema jaza!"

Bi Stamili hakubishana. Akajaza mpaka ukingoni.

Lukindo akakiinua. Mkono ukaanza kutetemeka, kama kila asubuhi asipopata kinywaji. Chai ikamuunguza vidole, ikamwagikia suruali. Akaongeza mkono wa pili, nao ukatetemeka vilevile. Akasubiri wacheke. Alitaka wacheke, apate wa kumpiga.

Hakuna aliyecheka. Ndipo akaviona vikombe vyao. Vyote vilikuwa nusu, na jirani yake, mwanamume aliyevaa koti la mlinzi, alikishika chake kwa mikono miwili.

"Punguzeni basi!" Lukindo akasema, meno yamekazana. "Mnatazama nini?"

Kabla Bi Stamili hajainuka, kikombe cha jirani kilisogea taratibu chini ya cha Lukindo kupokea chai, nacho kikitetemeka.