Kurasa Tisa za Mwanzo

Nabifo alipitisha sindano kwenye mkunjo wa mwisho, akavuta uzi aliokuwa ameupaka nta ya mshumaa. Kesho ilikuwa Krismasi. Baba yake, askari magereza huko Jinja, angefika nyumbani Mbale na kukikuta kitabu chake cha hadithi za zamani za Kiswahili kimeshonwa upya, na jalada la kitenge lililobandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo.

Mama aliingia na kiberiti mkononi, akitaka kuwasha sigiri ya mkaa. Akaziona kurasa tisa za mwanzo, zimeandikwa kwa kalamu.

"Hizi zimetoka wapi?" aliuliza kwa Kigisu, lugha yao ya nyumbani. "Mimi mwenyewe nilizichoma."

"Najua, Mama. Lakini Baba alikuwa akinisomea. Zote ziko kichwani."

"Wanajeshi waliomchukua kaka yangu walitutukana kwa lugha hiyo. Sitaki Kiswahili nyumbani mwangu."

Nabifo alikaza fundo mpaka uzi ukamwachia mstari mwekundu kidoleni. Kisha akakisukuma kitabu mezani mpaka kikagusa mkono wa mama yake.

"Basi choma tena, na mimi nitaandika tena. Wale walikuwa na bunduki, Mama. Kiswahili hakikuwa chao."

Mama alitoa njiti moja. Aliishika bila kuiwasha, macho yake kwenye mwandiko wa binti yake.

Akavuta kigoda, akaketi.

"Soma," alisema, na kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile alisema kwa Kiswahili. "Nijue nilichoma nini."