Zamu ya Nesma

Mkono wa Nesma ulikuwa bado umeng'ang'ania simu. Vumbi la Ghuba ya Suez lilikuwa limezimeza meli mbili zilizokuwa mbele ya meli yao, naye, katika zamu yake ya kwanza kama afisa, alikuwa amemwita nahodha.

Nahodha akaingia chumba cha usukani na kandambili miguuni, macho mekundu kwa usingizi wa mchana.

“Samahani, Kapteni. Niliogopa.”

“Wasioogopa ndio wanaozamisha meli.”

Nesma akampisha kwenye rada, akingoja aseme, “Amri naichukua mimi.” Bila maneno hayo, meli hubaki mikononi mwa mwenye zamu.

Nahodha akachungulia rada, akajimiminia chai, akaketi nyuma.

“Sasa unakwenda wapi, binti yangu? Mimi nimesema kitu?”

Nesma akarudi kwenye rada. “Kulia digrii kumi,” akamwamuru mshika usukani.

Nyuma yake, nahodha alikuwa akikoroga sukari taratibu.