Msamiati wa Apolonia

"Msamiati ni maneno yote ya watu, bibi," alieleza kijana aliyekuja Kishapu kukusanya maneno ya kamusi. "Mazuri na mabaya."

Apolonia alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Moshi wa samadi kavu, kuni zao za kila siku, ulikuwa umeyafanya mekundu. Tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, nyumba zikabanana, macho hayo yalikuwa yakisemwa kuwa ni ya mchawi.

Leo lakini majirani walijaa uani kwake. Alitaja majina ya vibuyu, ya ndama, ya magugu ya pamba, nao wakacheka pamoja naye.

"Na dawa ya kulogea mtu," kijana aliuliza, "kwa Kisukuma mnaiitaje?"

Kicheko kilikatika. Neno lilimfikia Apolonia kwenye ncha ya ulimi. Akilitamka, watauliza kalitoa wapi.

"Hilo silijui, mjukuu wangu."

Kalamu ya kijana ilibaki hewani. Jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyezika mtoto wiki ile, aliinuka taratibu kutoka mkekani.

"Hata mwanangu alilijua, bibi," alisema. "Wewe unalificha kwa nini?"