Mtamba wa Mahari

Robota la nyasi lilimponyoka Wachuka juu ya mteremko. Lilikuwa robota la duara, kubwa kuliko tangi la maji, na Barre ndiyo kwanza alikuwa amelishusha kutoka kwenye lori. Lilibingirika, likavunja ua wa zizi, likafumukia katikati ya ng'ombe.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, na mvua ilikuwa imewasahau watu wa Othaya. Mwezi mzima Wachuka alikuwa akiwalisha mitamba wake wawili nyasi kavu kidogo kidogo, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Ili azipate nyasi hizo aliuza mabati ya jiko lake. Sasa, asubuhi ya siku yenyewe ya kupeleka mahari, wanyama walizamisha vichwa ndani ya robota. Mwenye njaa hana miiko.

"Mama, toa wao haraka!" Barre alipiga kelele. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, na hatari ya namna hiyo aliijua. "Ngombe ya njaa hapana jua kushiba!"

Walipofaulu kuwatoa, mtamba mwekundu alikuwa ameacha kutafuna. Ubavu wake wa kushoto ukaanza kupanda, ukakazika kama ngoma.

Kingori, baba yake Warigia, msichana aliyekuwa akitolewa mahari, alikuwa amekwisha kusema: mitamba wawili wazima, wasimame kwa miguu yao langoni pake, leo. Akipungua mmoja, Warigia angepewa mwenye duka wa Gatitu, mzee mwenye wake wawili na fimbo moja ya kuwagawia. Warigia alikuwa amelia akakataa kula. Alitaka kuja hapa, kwa Wachuka. Na hapa alihitajika, kwa maana nyumba ya Ngatia haikuwa imewahi kusikia kilio cha mtoto.

"Bwana harusi iko wapi, akuje asaidie sisi?" Barre aliuliza, akimimina mafuta ya kupikia kooni mwa mtamba.

"Iko kazi tangu asubuhi," Wachuka alijibu. "Wacha maneno, vuta kamba."

Walimfunga kijiti mdomoni ili aendelee kutafuna, wakaanza kupanda naye kilima kwenda kwa Kingori. Dawa ya tumbo lile la gesi ni kutembea, na hapakuwa na pengine pa kumtembeza. Barre alisukuma kwa nyuma. Mtamba mweupe alifuata polepole akicheua, hana habari na shida za watu.

Katikati ya kilima yule mwekundu alipiga magoti. Ulimi ukamtoka.

"Imekwisha, mama."

"Haijaisha!"

Wachuka aliingiza bega chini ya shingo ya mnyama, akasukuma. Mgongo wake wa miaka hamsini na kitu ulilia. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani, na machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. "Inuka," alimnong'oneza. "Ukikufa wewe, umeniua na mimi."

Mtamba akatetemeka, akajikokota, akainuka.

"Huyo Ngatia iko na bahati," Barre alisema akihema. "Mimi, mama yangu hapana weza kubebea mimi ngombe namna hii."

Wachuka alizidi kuvuta. Kamba ilikuwa katikati ya meno yake.

Kwa Kingori wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kukaa. Kingori alikuja langoni na bakora yake, akamzunguka mtamba mwekundu mara mbili, akabonyeza ubavu, akakunja uso. Kisha akainama, akamfungua kile kijiti, akampanua mdomo ili aone meno. Wachuka alifumba macho.

Mtamba akapiga mbweu moja ndefu, usoni kabisa mwa mzee. Uwanja mzima ukacheka. Ubavu ukaanza kushuka.

"Hii imekula," Kingori alisema akijipangusa. "Huko kwenu chakula iko. Ingizeni hawa ngombe."

Barre, ambaye hanywi pombe, alipewa chai. Kingori akajaza pombe kwenye pembe, akamkabidhi binti yake mbele ya watu wote.

"Warigia, kama umekubali tukunywe hii pombe, peleka kwa mwenye anakuoa."

Barre alinyoosha shingo ili amwone huyo Ngatia. Benchi la ukutani lilikuwa limejaa vijana waliovaa mashati safi.

Warigia aliwapita wote bila kuwatazama. Akapiga magoti mbele ya Wachuka, mjane wa marehemu Ngatia asiye na mtoto, ambaye mila ya kwao ilimruhusu kuoa mke wa kuizalia nyumba hiyo, akamtoa unyasi uliokwama nyweleni, kisha akampa pembe kwa mikono miwili.

Wachuka akainywa yote, kama inavyompasa bwana harusi.