Jani la Isale

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi tangu asubuhi, na kosa lilikuwa langu. Fundi wangu, Elisifa, alishanionya: kwenye mfumo wa Linux nisiguse draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha, bila yeye. Nikamjibu kwamba nilianza kuhariri video za harusi yeye hajazaliwa.

Ndani ya kompyuta mlikuwa na video ya harusi ya Jumamosi. Mama wa bibi harusi alikuwa amelazwa hospitali ya Mawenzi, anasubiri upasuaji wa kesho yake, na alikuwa ameomba aione kwanza.

Elisifa alipanda mpaka kwangu Uru bila kunisema. Alifuta draiva niliyoipakua ovyo, akaweka inayotakiwa. Kidole chake kikasimama juu ya kitufe cha kuwasha.

"Baba, pumua basi."

Akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi kidogo, kisha kikawaka. Bibi harusi akatokea, anacheka.

Nikatoka nje, nikakata jani la isale kwenye uzio, nikalifunga fundo kama tunavyofanya huku kwetu tukiomba msamaha, nikampelekea.

"Jamani!" Elisifa akacheka. "Isale kwa ajili ya kompyuta?"

"Si kompyuta. Ni yale maneno yangu."

Kicheko kikamwisha. Akafuta mikono kwenye sketi, akalipokea jani.