Kadi ya Vali ya Tatu

Jambo ambalo Fundi Sikio hakuliona, naye ni mtu aliyejisifu kwamba hakuna linalompita, ni kwamba mteja yule hakuwahi hata mara moja kugonga mguu kufuata mdundo.

Ilikuwa siku ya nne tangu mteja huyo, mpima ardhi, aanze kuja dukani. Mpima ardhi alikuwa ameketi kwenye kiti cha majaribio, hedifoni masikioni, simu yake imeungwa kwa waya na kigeuzi, kile kisanduku kinachozichukua tarakimu za simu na kuzifanya sauti. Kutoka hapo sauti iliingia kwenye amplifaya ndogo, na juu ya amplifaya ilisimama vali moja, taa ya kioo yenye unene wa kidole gumba, ikiwaka kama kaa la moto. Ukibadilisha vali, umebadilisha tabia ya sauti nzima. Ndiyo maana karibu kila vali dukani mle ilikuwa na kadi yake, iliyoandikwa kwa mkono wa fundi baada ya kuisikiliza wiki nzima: Inafaa kwa fidla. Inafaa kwa kwaya kubwa. Inafaa kwa mwanamke anayeimba peke yake.

"Na hii?" aliuliza fundi.

Mpima ardhi alivua hedifoni polepole. Macho yake yalikuwa mekundu. "Inamsafisha mno, fundi. Kile kikwaruzo cha kooni kimepotea. Bila kikwaruzo si yeye."

"Unamsikia akiwa upande gani?"

"Katikati. Nami namtaka kushoto. Karibu, kama kwamba ukinyoosha mkono utamgusa."

Fundi alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Wateja wengine huja na maneno waliyoyaokota mitandaoni. Huyu alijua anachokitafuta mpaka kwenye pumzi.

"Niache niisikie na mimi rekodi yenyewe, mzee wangu. Nitakupatia vali yake sasa hivi."

"Siwezi. Mwenyewe hajui kwamba nilimrekodi. Miaka thelathini na moja ninamsikiliza, na miaka thelathini na moja anakana kwamba sauti ile ni yake."

"Wasanii," alisema fundi, kwa heshima. "Yuko wapi sasa?"

"Amesafiri. Wiki sita. Kozi ya kazini."

"Msanii anakwenda kozi?"

"Siku hizi nani haendi?" Mpima ardhi alijikanda uso kwa viganja. "Fundi, mimi sitafuti anasa. Tangu aondoke sijiwezi. Jana nimepima uwanja wa shule nikaupata una pembe tano. Keshokutwa nasimamisha mpaka kati ya ndugu wawili wasiosalimiana. Nikikosea tena, mkuu wangu amesema nirudishe darubini nikae nyumbani."

Dada yake fundi, aliyekuwa mezani akipanga risiti, aliinua kichwa. "Kaka, mtu huyu hasikilizi muziki. Mtu huyu anaugua."

"Dada, wewe shughulika na risiti. Mambo ya masikio niachie mimi."

"Masikio yapi? Haya ambayo asubuhi nimeyapigia simu mara saba?"

Katika maisha ya fundi hapakuwa na mteja aliyetoka mikono mitupu, wala hakukusudia kuanza na huyu. Alipanda kwenye ngazi, akashusha kutoka rafu ya juu kasha ambalo kwa miaka sita halikuwa na kadi. Ndani yake mlikuwa na vali ya tatu na ya mwisho kujaribiwa. Kila alichokipitisha humo kilitoka kizito na kivivu, mithili ya mtu anayezungumza akiwa amejifunika shuka. Kisha, kwa ukaidi wa aliyekwisha kukata tamaa, aliondoa kigeuzi kipya, kile kinachohesabu kila punje ya sauti, akaweka kikuukuu kinachozilainisha kingo zote. Wakaisubiri vali ipate moto.

Mpima ardhi alifumba macho.

"Anaanzia chini," alinong'ona. "Anapanda. Anapanda. Sasa amenyamaza... ngoja..."

Fundi alizuia pumzi. Dada yake naye alibaki na kalamu hewani.

"Amerudi," alisema mpima ardhi, na chozi likamtiririka hadi kidevuni. Mabega yakamshuka.

Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini. Fundi alimwita "mzee wangu" kwa sauti ya adabu, akamwita tena, na mara ya tatu akamgusa bega. Kimya. Alikuwa amewahi kusoma habari za watu waliozidiwa na uzuri wa sauti hata wakatoka katika dunia hii kwa muda. Hakutarajia kumwona mmoja katika kiti chake mwenyewe.

Hamu ikaishinda adabu. Alizinyanyua hedifoni kwa vidole viwili kutoka kwenye kichwa kisichotikisika, akazivaa.

Alianza kusikiliza amesimama. Akaketi.

"Ni nani?" aliuliza dada yake.

Fundi aliinua mkono kumnyamazisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimrudishia mteja hedifoni zake taratibu, kama amfunikaye mtoto, akashusha pazia la dirisha, na kumwomba dada yake azipange risiti bila kuzichakarisha.

Keshokutwa yake mpaka wa wale ndugu wawili ulisimama umenyooka, na hakuna aliyeupinga. Na kwenye kasha la vali ya tatu, lililokaa bila kadi miaka sita, sasa kuna kadi kwa mwandiko wa fundi: Inafaa kwa mkoromo wa mke, upande wa kushoto.