Kati ya Milango Miwili

Sheria ilitaka kila mjamzito akae chumba cha wavu miezi mitatu ya mwanzo, maana virusi vya mbu viliharibu mimba changa. Kila jioni mume wao alimchekesha Saumu, mke mdogo mwenye mimba, kupitia wavu, na Mwanakombo, mke mkubwa asiyejaliwa mtoto, alipeleka uji huku wivu ukimchoma.

Leo, kati ya milango miwili ya chumba hicho, mahali pa kujikung'uta nguo, aliona mbu begani mwake. Akamwacha, akaingia.

"Umejikung'uta, dada?"

"Kabisa. Kunywa, malkia wa wavu."

Saumu akacheka. "Akiwa wa kike, nitampa jina lako."

Mwanakombo akageuka haraka, akamwinda yule mbu hadi akamponda ukutani. Kiganja chake kilibaki na doa la damu mbichi, asijue ni ya nani.